Mama mkwe anamfunika mtoto blanketi na joto hili

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku. Nimekaa sakafuni bafuni, juu ya vigae, maana ndipo mahali pekee penye ubaridi katika nyumba yetu. Idrisa, mwanangu wa miezi minne, amelala kifuani kwangu na nepi tu, nami naandika kwa kidole gumba kimoja. Kipimajoto cha chumbani kinasoma nyuzi 29. Nje kumeshapoa, ila ndani joto limegoma kutoka.

Sisi ni watu wa Tanga. Mimi nimezaliwa Ngamiani, mume wangu Chumbageni. Huu ni mwaka wetu wa sita hapa Leicester, Uingereza, tunakaa kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu ambayo ndiyo ya mwisho. Juu yetu ni paa. Sebule inatazama magharibi, jua linatuingilia tangu saa nane mchana mpaka linapozama, na mwezi huu linazama saa tatu na nusu usiku. Mume wangu anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Anarudi saa moja asubuhi, analala mchana. Mtoto wetu wa kwanza, Nasra, ana miaka minne.

Mwezi wa tano mama mkwe alikuja kunisaidia kulea. Nilimwomba mwenyewe aje, Shangazi, na nampenda. Nilipojifungua Nasra sikuwa na mtu wa kunichemshia hata uji, safari hii nikasema sitarudia. Alipofika alikuta baridi, tukamnunulia koti, akamvisha mtoto kofia, soksi na blanketi, na kwa kweli alifanya vizuri. Tatizo ni kwamba sasa ni Julai na bado anamvisha vilevile. Nikimvua, anamvisha. Ananiambia, "Mguse miguu, ya baridi." Nikigusa, kweli miguu ni ya baridi, nabaki sina la kusema. Usiku anafunga madirisha ili upepo usimpige mtoto kifua. Tukitoka anakifunika kigari gubigubi kwa kanga. Na wiki mbili zilizopita nilimkuta jikoni anamnywesha maji ya sukari kwa kijiko, eti mtoto anakauka na joto hili. Shingo na mgongo wa mtoto vimejaa harara, naye anapaka poda mpaka mtoto anapiga chafya.

Nikisema, ananijibu kwa upole, na huo upole ndio unaniumiza: "Mwanangu, mimi nimelea saba Tanga, na joto lote lile. Joto la Ulaya ndilo litamshinda mtoto wa Pwani?" Mume wangu anatabasamu, anageukia ukutani, ana usingizi wake.

Nasra naye hataki kulala. Ukimwambia saa ya kulala imefika anakuonyesha dirishani: "Mama, jua bado linacheza." Analala saa nne au saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri jua limeshamwamsha. Mchana ni kilio. Akilia, baba yake hawezi kulala. Nikimnyamazisha, anapanda kochi lililo chini ya dirisha kutazama magari, na dirisha hilo ndilo la pekee linalotupa hewa. Roho inaniruka. Wiki ijayo anafunga chekechea, likizo ya zaidi ya mwezi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya tahadhari ya joto ya rangi ya kaharabu, ile iliyo kati ya njano na nyekundu. Walikuja wageni, jamaa zetu wa hapahapa. Nikatoka jikoni nikamkuta Idrisa mikononi mwa bibi yake, amefungwa blanketi la sufi. Nikamgusa kifua, kinachoma, nywele zimelowa jasho. Sikujijua. Nilimpokonya mtoto, nikasema mbele ya watu wote, "Mama, unataka kuniulia mtoto?"

Sebule nzima ilinyamaza. Mama aliinuka, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hamgusi Idrisa. Anakaa chumbani na baibui lake, dirisha limefungwa, anakula vijiko viwili vitatu, anasubiri Maghribi ambayo hapa haifiki. Amemwambia mwanawe amtafutie tiketi arudi nyumbani. Mume wangu naye ameniambia: muombe mama radhi, au nitampeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe.

Usiku uleule Nasra alimwaga juisi juu ya zulia, nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga. Alinitazama kama hanijui.

Shangazi, niombe radhi kwa jambo ambalo najua nilikuwa sahihi? Na tutaishi vipi humu ndani mpaka joto hili lipite?

Mama Nasra, Leicester


Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na mtu aliyenitia hofu kuliko wote humo ndani si Idrisa. Idrisa ana mama anayekesha naye juu ya vigae. Hofu yangu ni kwa mama mkwe wako. Mtu mzima, amejifungia ghorofa ya juu chini ya paa, dirisha limefungwa, baibui mwilini, anakula vijiko viwili, na bila shaka maji anakunywa vivyo hivyo. Zile tahadhari za joto za Uingereza, ya njano, ya kaharabu na nyekundu, zinawahangaikia hasa watoto wadogo na wazee wa miaka 65 na zaidi. Nyumbani kwako wamo wote wawili. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, kabla ya mazungumzo yoyote ya nani alimkosea nani, mpelekee maji, mfungulie dirisha lisilopigwa na jua, mkalishe karibu nalo. Kama anatumia dawa za presha, baba Nasra aende duka la dawa akamuulize mfamasia namna ya kuzitumia siku za joto kali, mama asiziache kwa kujiamulia. Akilalamika kizunguzungu, kichwa au kichefuchefu, mlazeni penye ubaridi, mpunguzeni nguo, mumpanguse kwa kanga iliyoloweshwa, anywe maji. Nusu saa ikipita bila nafuu, au akianza kuchanganyikiwa, pigeni 999, namba ya dharura.

Atasema yeye ni mtu wa Pwani. Nami nilisema hivyohivyo. Agosti 2003 nilikuwa naishi mji wa Reading, hukohuko Uingereza, chumba cha juu katika nyumba ya matofali, mwanangu wa pili ana miezi saba. Tarehe 10 kipimo kilifika nyuzi 38.5 karibu na Faversham, kule Kent, joto ambalo Waingereza walikuwa hawajawahi kulipima nchini mwao. Asubuhi nilikuwa namwambia jirani kwamba kwetu hili si joto. Jioni nilikuwa sakafuni natapika, mtoto analia pembeni yangu, sina nguvu ya kumwinua. Mwili uliozoea joto husahau. Wiki chache za ubaridi zinatosha kuuondolea mazoea yake. Mama mkwe wako ameshakaa huko tangu Mei. Na hata kwa hesabu tupu, Tanga ya Februari na Machi, miezi ambayo watu hulala uani, kipimo huzungukia nyuzi 32 au 33. Tarehe 19 Julai 2022 pale Coningsby, Lincolnshire, kilifika 40.3.

Ila nyuzi si jambo kubwa kuliko nyumba. Mkumbushe mama nyumba yake ya Chumbageni: baraza mbele, ukumbi katikati, uani nyuma, milango ikiwa wazi upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Ukishindwa na joto unatoka nje, unakaa chini ya mwembe na wenzako. Fleti yako imejengwa kwa ajili ya Januari. Kuta zimejazwa sufi ndani yake ili joto lisitoke, vioo ni viwiliviwili, sakafu ina zulia. Jua likishaingia kupitia kioo hicho mchana kutwa, kuta na paa hulinywa, halafu usiku wa manane, nje kumeshapoa, vinawarudishia ninyi mliolala. Ndiyo maana unakuta nyuzi 29 chumbani saa nane za usiku.

Kwa hiyo madirisha yenu yafuate saa nyingine. Asubuhi, kabla jua halijageuka upande wa sebule, fungeni vioo na mapazia ya magharibi, yakae hivyo mpaka jioni. Hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani, mara nyingi kuanzia saa nne usiku, fungueni pande zote mbili za nyumba ili upepo upite, mpaka alfajiri. Hili mama analijua kuliko wewe. Muulize nani alikuwa anafunga mbao za madirisha saa sita mchana nyumbani kwao, na kwa nini. Kitu ambacho hakijui ni kwamba huko Leicester usiku ndio wa kufungua. Feni nayo isaidie, isimwelekee mtoto, na siku ambayo ndani kumepita nyuzi 35 izimeni, maana hapo inawapulizia joto tu.

Sasa la radhi. Muombe.

Usimuombe kwa kumtoa mtoto kwenye blanketi. Pale ulikuwa sahihi, na ungesitasita ndipo ungekuwa umekosea. Mama anakudai radhi kwa neno "kuniulia". Mwanamke aliyelea saba, aliyeacha nyumba yake akapanda ndege kuja kukuchemshia uji, ameambiwa mbele ya wageni kwamba anaua mjukuu. Neno hilo halikutoka moyoni mwako, lilitoka kwenye hofu na usiku mwingi usiolala, lakini yeye ndiye aliyelipokea. Ingia chumbani kwake, kaa chini, mshike mkono: "Mama, nisamehe kwa neno nililokutamkia mbele ya watu. Niliogopa, nikakuvunjia heshima." Ukimaliza, nyamaza. Usiongeze "lakini". Ukiongeza, mama atasikia hicho cha mwisho peke yake. Na kwa kuwa neno lilisemwa mbele ya wageni, mmoja wao mpigie simu mama akiwa anasikia, umwambie kwamba siku ile ulimkosea mama yako na umemuomba radhi. Mafundisho ya soksi na maji yasiguswe siku hiyo.

Baba Nasra, najua utasomewa hapa, kwa hiyo nakusemesha wewe. Kumtishia mkeo kwa uwanja wa ndege, miezi minne baada ya kujifungua, si haki. Mzigo wa kumweleza mama ni wako na umeutua kichwani mwa mtu mwingine. Mkwe akisema "mama, usimpe mtoto maji", ni ubishi. Ukisema wewe uliyenyonya kwake, ni habari tu ambayo mtoto anampa mama yake. Keti naye wakati wa chakula, umwambie polepole, na usianze na "Wazungu wanasema", maana si ya Wazungu. Kliniki za Tanzania zinafundisha jambo hilohilo kila siku: miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Yeye alipokuwa analea ninyi huenda hakufundishwa hivyo, na si kosa lake.

Sababu aijue, kwa sababu ni mtu mwenye akili na amri tupu haitamtosha. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji. Mtoto wa umri ule tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji ya sukari unamnyima nafasi ya maziwa, na maji yakizidi yanaishusha chumvi ya damu mpaka mtoto anaweza kushikwa na degedege. Siku za joto anyonye mara nyingi zaidi, hata kama ni kidogokidogo. Anayehitaji bilauri ya maji ni mama yake. Mpeni bibi kazi hiyo: kila Idrisa akishika ziwa, bibi alete maji ya mama Nasra na asimame mpaka yaishe.

Kuhusu miguu, bibi hakudanganya. Miguu na mikono ya mtoto mchanga huwa ya baridi hata akiwa na joto jingi mwilini, kwa kuwa damu yake bado haijazoea kufika mbali. Chukua mkono wa bibi, uweke kwenye miguu, kisha uweke kisogoni na kifuani. Aamue mwenyewe kwa kiganja chake. Kisogo kikiwa cha moto au kina jasho, nguo ipunguzwe. Ndani ya nyumba kofia iondoke kabisa, maana kichwa ndicho kinachompumulia joto. Usiku alale chali kitandani mwake, nepi tu au fulana nyepesi, bila blanketi. Utasoma kwamba chumba cha mtoto kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Mwezi huu nyumba yako haitafika huko, usijitese kwa hilo. Mvue, mfungulie hewa ya usiku, mwangalie kisogo.

Kanga isifunike kigari. Hewa ya ndani hupanda joto upesi na hamumwoni. Tumieni mwavuli wa kigari, na saa za kutoka ziwe asubuhi mapema au kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kati ya saa tano na saa tisa kaeni kivulini. Nasra apakwe mafuta ya kukinga jua kuanzia kipimo cha 30, ngozi yetu nayo huungua. Bibi akitaka kumwotesha Idrisa jua la asubuhi kwa ajili ya mifupa, mwambieni hoja yake ni ya kweli, ila mtoto chini ya miezi sita huwekwa mbali na jua kali, na anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone ya vitamini D, mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku. Muulize nesi anayewatembelea watoto nyumbani. Mwombe aje wakati bibi yupo, ampime mtoto mbele yake, aongee na bibi moja kwa moja na wewe ukae kimya ukitafsiri. Wazee wetu wengi wanawasikiliza manesi kuliko wanavyotusikiliza sisi. Harara naye atawaonyesha: maji ya uvuguvugu, kumkausha kwa kumgusagusa, pamba nyepesi, na poda iachwe kwa sababu vumbi lake linaingia mapafuni.

Mkiona nepi zinakaa kavu muda mrefu, utosi umebonyea, mdomo mkavu, au amelegea na usingizi si wake wa kawaida, pigeni 111, namba ya ushauri wa afya, ni bure na saa zote. Akiwa na homa ya nyuzi 39 kwa umri wake, msingoje asubuhi. Asipoamka vizuri, ni 999.

Nasra. Kochi lile liondoke chini ya dirisha leo, baba yake akiamka, hata kama sebule itakaa vibaya. Mwandikieni mwenye nyumba aweke vizuizi ili dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, na muandike, msimwambie kwa simu tu. Mpaka viwekwe, dirisha hilo lisiachwe wazi mtoto akiwa chumba hicho bila mtu mzima.

Na usingizi wake: mtoto amesema kweli, jua bado linacheza. Mwili wa mtu hungoja giza ndipo uuandae usingizi, na Julai ya Leicester giza linachelewa. Litengenezeni. Pazia jeusi zito lililobana pembeni, au kwa kuanzia, karatasi ya foili ya jikoni ibandikwe kwenye kioo, inazuia na joto pia. Saa moja jioni aogeshwe kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu, na mtu asimwache hata kidogo, sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha mtoto. Kisha chumba kiwe giza, na hapo ndipo nilipofurahi kidogo niliposoma barua yako. Umesema mama anasubiri Maghribi ambayo haifiki. Kati ya Alasiri na Maghribi ya huko ana saa nyingi mno za kukaa peke yake na ukuta, mwanamke ambaye maisha yake yote jua likizama saa kumi na mbili na nusu nyumba inajaa watu. Saa hizo hizo Nasra hana wa kumlaza, kwa sababu wewe unanyonyesha na baba yake anajiandaa na kazi. Mpe bibi Nasra. Ndani ya giza lenu la pazia, aanze "Paukwa!" na mtoto ajibu "Pakawa!" Siku tatu za kwanza hatalala. Endeleeni.

Mchana wenu uwe wa nje ili baba apate usingizi. Akirudi saa moja, chumba ndio kimepoa kuliko wakati wowote kwa hewa ya usiku, afunge pazia alale hapo hapo. Ninyi wanne saa mbili muwe Abbey Park, kwenye miti karibu na mto Soar, na kitambaa cha kukalia, chapati na maji. Jua likikaza ingieni maktaba ya mtaa, hailipiwi, na watoto wana vitabu vyao na mashindano ya kusoma ya likizo. Rudini saa saba, mkipita kivulini. Saa nane baba anaamka, na kwa saa nzima baada ya hapo watoto wawili ni wake. Wewe unalala. Si kupika, si kufua. Kulala.

Kofi la Nasra limekukaa rohoni na ni vizuri limekukaa. Piga magoti mkae usawa mmoja, umwambie: "Mama alikupiga, mama alikosea, juisi ni kitu kidogo." Ana miaka minne, ataelewa, na pengine atakukumbatia kabla hujamaliza. Halafu jiangalie na wewe. Usiku ukipoa, ukapata usingizi, na bado hasira au machozi yanakuja bila sababu, au ukijiona huna hamu hata na watoto, mwambie nesi au daktari wenu kwa maneno hayohayo. Sonona ya baada ya kujifungua inatibika, na huko si jambo la kuficha.

Tiketi ya mama msiitafute. Akiitaja tena, baba Nasra amjibu kwamba Nasra ameahidiwa hadithi mpaka siku ya kufungua shule. Na hilo blanketi la sufi, lifueni, likunjeni, mwekeeni kwenye sanduku lake ili akumbuke kulirudisha kitandani mwa Idrisa baridi ikiingia, kama atakuwa bado yupo nanyi.